Deni Linalokufa kwa Kimya

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Sheria ya Uskoti inaijua dawa ya pili, nayo ni muda. Mwenye kudai bima ya mali nchini humo akikaa kimya kwa miaka 5, deni analodai hufa.

Neno "hufa" silitumii kwa mapambo. Katika Uingereza jirani, na hapa Kenya tulikorithi sheria za Kiingereza, anayedai kwa mkataba hupewa miaka 6. Ikipita, mlango wa mahakama hufungwa, ingawa haki yenyewe yahesabiwa kuwa ingali hai. Uskoti, yenye mfumo wake wa sheria, ilitenganisha mambo hayo mawili katika sheria ya 1973. Anayedai fidia ya majeraha ya mwili ana miaka 3; baada ya hapo mlango hufungwa, lakini hakimu aweza kuufungua akiona ni haki. Bima ya nyumba au duka iko chini ya ile miaka 5. Ikitimia, wajibu wa kulipa hufutika, na hakimu hana cha kufungua.

Wengi hunaswa na barua. Kampuni hujibu kwa adabu kwamba "dai lako linachunguzwa", naye mdai hudhani saa imesimama. La hasha! Kinachokatiza hesabu ni kufungua kesi, au mdaiwa kukiri deni waziwazi kwa maandishi, au kulipa sehemu yake. "Linachunguzwa" ni kitenzi cha kutendwa: hakimtaji mtenda wala hakikiri lolote.

Je, saa huanza lini? Mei 11, 2004 kiwanda cha plastiki kililipuka jijini Glasgow, kikaua watu 9 na kuharibu duka la jirani. Wenye duka waliwashtaki wenye kiwanda Agosti 2009. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwa majaji 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba wamechelewa: saa ilianza walipojua wamepata hasara, hata kama hawakujua aliyeisababisha. Uamuzi huo unazigusa kampuni za bima pia, kwani kampuni iliyomlipa mteja ikitaka kumdai mkosaji husimama mahali pa mteja, na saa ni ile ile.

Sheria ya 2018 imerekebisha jambo hilo. Tangu kipengele hicho kianze kutumika mwaka 2025, anayedai fidia huhesabiwa muda tangu ajue hasara, kilichoisababisha, na mhusika wake.

Naona marekebisho hayo ni ya haki. Mashahidi husahau na karatasi hupotea, hivyo muda lazima uwe na kikomo. Lakini kimya kinachostahili adhabu ni cha ajuaye. Anayejua naye asiipokee barua ya adabu kana kwamba ni ahadi. Aisome kitenzi kwa kitenzi, huku akihesabu miaka. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.