Kukimbia bila kukimbizwa



Kiangazi kimeingia. Mvua imekatika, na alfajiri watu wanatoka nyumbani wamevaa sweta. Wengi wanapenda kubaki ndani ya blanketi, lakini kwa anayependa mbio za mwendo mrefu hiki ndicho kipindi kizuri cha mwaka.

Sababu iko mwilini. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia inageuka kuwa joto. Ili joto hilo litoke, mwili unatoa jasho na moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi. Jua likiwa kali, moyo una kazi mbili: kulisha misuli na kupoza mwili. Hewa ikiwa baridi, kazi ya pili inapungua, na mtu anafika mbali zaidi bila kuchoka upesi.

Anayeanza asishindane na mtu. Akimbie kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Akikosa pumzi ya kumaliza sentensi, apunguze au atembee kidogo. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vyetu havina huruma. Mara tatu kwa juma zatosha. Umbali uongezwe polepole. Kunywa maji hata kama husikii kiu, maana baridi inaificha. Epuka barabara zenye vumbi la magari. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Lakini kwetu mashariki neno kukimbia lina kidonda. Tumekimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Watoto wengi wamejua mbio hizo kabla ya kujua mbio za michezo. Kwa hiyo tusitoke gizani wala peke yetu. Tungoje kupambazuke, twende kikundi, tufuate njia inayojulikana. Pasipo na usalama, kuzunguka kiwanja cha kanisa au cha shule kunatosha.

Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mbio (1 Wakorintho 9:24-27), walimwelewa. Karibu na mji wao ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani hukauka. Hata hivyo Paulo hakumdharau mkimbiaji. Alimfanya mfano wa mtu anayeutawala mwili wake. Na anapomwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo (1 Timotheo 4:8), tukumbuke kwamba kidogo si bure.

Basi vijana, akina mama, na sisi wachungaji tunaokaa sana kitini, tuamke. Tuwaombee ndugu ambao bado wako kambini, wasioweza kurudi kwao. Kukimbia bila anayekufukuza, kisha kurudi na kuikuta nyumba yako mahali pake, ni neema ya kumshukuru Mungu.