Jina na Dhima Yake: Chapa ya Korosho ya Masasi na Newala

Neno *chapa* lina maana mbili zinazokaribiana: alama inayopigwa juu ya kitu, na sifa ambayo watu huihusisha na alama hiyo. Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kuipatia chapa korosho ya Masasi na Newala unatokana na kuchanganya maana hizo mbili.

MAMCU (Masasi na Mtwara) na TANECU (Tandahimba na Newala) ni majina ya vyama vikuu vya ushirika yaliyoundwa kwa vifupisho vya majina ya mahali. Humwarifu msikilizaji nani anauza, hayamwahidi kitu. Kwa chama cha kukusanya na kuuza mazao, hilo si kasoro.

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho ghafi hupimwa katika chama cha msingi, hupangwa kwa madaraja, huchanganywa na za wakulima wengine, kisha hunadiwa. Stakabadhi huhifadhi uzito na daraja. Sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa India na Vietnam, ambako hubanguliwa na kufungwa upya. Mlaji husoma jina la mfungaji. Kiashiria *Newala* hakimfikii kamwe.

Kwa hiyo swali la kwanza si jina gani lichaguliwe, bali ahadi itolewe kwa nani. Iwapo ni kwa mnunuzi wa korosho ghafi, ahadi ni ukavu, usafi na wingi wa kiini ndani ya ganda, na jina la ghala laweza kutosha. Iwapo ni kwa mlaji, sharti ubanguaji ufanyike kusini. Viwanda vilivyojengwa kwa mikopo ya nje kuanzia miaka ya 1970 vilikusudiwa kazi hiyo, lakini mavuno ya nchi yaliporomoka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na vingi vikakaa bure.

Vinyago vya Kimakonde vyatoa mfano wa kinyume: kazi ya mchongaji humfikia mnunuzi ikiwa kamili, na jina hufuatana nayo. Hata hivyo, kuliazima jina *Makonde* kwa korosho kungezua utata. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Masasi iko chini yake, nako wengi ni Wamakua na Wayao.