Kuzindua programu si kumaliza kazi

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi munaosoma bado, leo niko na jambo moja la kuwaelezea. Darasani hatukulifundishwa.

Nilipomaliza masomo hapa Bukavu, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza programu ndogo ya simu ya kuandika madeni. Mama wa sokoni anakopesha unga, anaandika jina na franka, basi. Siku ya kuizindua tulikunywa fanta na kupiga picha. Katika wiki mbili watu 40 wakaiweka katika simu zao. Nyuma ya mwezi mmoja nikaangalia tena: waliokuwa wanaitumia walibaki 6.

Kosa la kwanza lilikuwa hesabu yetu. Mtu aliyeweka programu katika simu si mtumiaji bado. Hesabu ya maana ni hii: kati ya walioanza wiki moja, wangapi wamerudi wiki ya pili, na ya nne? Wakiondoka siku ya kwanza, mwanzo ni mgumu. Wakiondoka nyuma ya wiki tatu, hawajaona faida.

Kwetu wengi waliondoka siku ya kwanza. Juu ya nini? Tuliwaomba anwani ya imeli na neno la siri mbele ya kuandika deni hata moja. Mama wengi hawana imeli! Tukaondoa yote. Sasa ukifungua, unaandika.

Kosa la pili nilielezewa na mama mmoja wa Kadutu: “Mutoto wangu, kaye yangu haiombi mega.” Alisema kweli. Tukafanya programu itumike bila intaneti.

Kosa la tatu linaniuma mpaka leo. Simu ya mama mwingine ilianguka ndani ya maji, na madeni ya miezi miwili yakapotea, kwa sababu hatukuweka nakala pengine. Wateja wengine wakakana. Akaniambia tu: “Niliwaamini.” Tukaenda kumwomba msamaha, lakini hakurudi, na sikumlaumu. Leo mtandao ukipatikana, nakala inajituma yenyewe.

Tena, tulikuwa tunatuma ujumbe wa kukumbusha kila siku. Watu wakaufunga. Sasa tunatuma mmoja tu, siku ya posho: “Wateja 3 hawajalipa bado.” Huo wanausoma, kwa sababu unaongea juu ya pesa yao, hauongei juu yetu.

Mufikirie M-Pesa, ambayo wengi wetu tunaitumia. Kule Kenya ilijaribiwa kwanza kwa kulipa mikopo midogo. Watengenezaji wakaona watu wanaitumia kwa kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa mwaka 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangazwa. Hawakubishana na watumiaji, waliwafuata.

Kwa hiyo kila juma tano mmoja wetu anashinda sokoni, anaketi kando ya meza ya mama na kuangalia vidole vyake vinakwama wapi. Kitu tukikirekebisha, tunarudi kumwambia yule aliyelalamika. Watumiaji hawajakuwa wengi, lakini wanaoanza sasa, wengi wanabaki.

Wewe unayetaka kuzindua yako, weka akiba ya pesa na nguvu kwa miezi inayofuata sherehe. Kazi yenyewe inaanza pale.