Vitendo uneni katika sataranji: Njeo inapokugharimu malkia

HAKUNA mashindano yenye ukimya kama ya sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyouita mchezo huu. Wachezaji wawili wa ridhaa waweza kukabiliana kwa muda wa saa mbili bila kusemezana. Hata ile tabia ya nyumbani ya kutangaza kwamba shaha ametishwa (huyu ni mfalme wa sataranji, si shaha wa malenga) haihitajiki mashindanoni. Maneno machache yanayosemwa pale kwa hivyo yana uzito: hayaelezi tendo, ndiyo tendo lenyewe.

Wanafunzi wa isimu watakumbuka Nadharia ya Vitendo Uneni ya J.L. Austin, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1962. Mtu akisema "naahidi", haelezi ahadi, anaitoa.

Sasa tazama kanuni ya kugusa. Ukigusa kete yako kwa kukusudia ilhali ni zamu yako, sharti uicheze. Ukitaka tu kuiweka sawa katika mraba wake, lazima utangulize kauli. Kanuni za kimataifa zinataja Kifaransa na Kiingereza kama mifano tu, hivyo "narekebisha" yatosha, mradi ieleweke.

Hapa ndipo njeo inapouma. Mchezaji amemshika malkia, kisha anaona kwamba kila anakoweza kumpeleka ataliwa. Anamwachilia upesi: "Aah, nilikuwa narekebisha tu!" Mpinzani anamwita mwamuzi. Kitenzi ni kilekile, ila "narekebisha" kabla ya kugusa ni kitendo. "Nilikuwa narekebisha" baada ya kugusa ni maelezo, na mwamuzi hapokei maelezo. Malkia lazima aende. Wanaoanza mchezo huona huu ni ukali wa bure, lakini bila kanuni hiyo kila kosa lingegeuka kuwa marekebisho.

Pendekezo la sare nalo hutolewa baada ya kusogeza kete, kabla ya kubonyeza saa. "Tutoke sare?" yasikika kama swali la kawaida, bana, lakini likishatamkwa haliwezi kuondolewa. Mpinzani anaweza kukubali au kukataa kwa mdomo. Anaweza pia kugusa kete yake kwa nia ya kuicheza, na hapo atakuwa amejibu "la" bila kufungua kinywa.