Mtu wake

Jioni ile mvua iliinyeshea Butembo, mashariki mwa Kongo, tangu saa kumi. Tulikaa sebuleni watu watano mbele ya kompyuta ya mpwa wangu, binti anayesoma chuo kikuu. Katika flashi yake mlikuwa na tamthilia ya Kichina ya sehemu 50, The Untamed, yenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Mama mdogo, aliyekimbia vita kutoka upande wa Mbau, katika teritwari ya Beni, hasomi Kifaransa. Basi binti akawa anamtafsiria kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Kazi hiyo ina mabingwa wake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Nairobi ina DJ Afro, na Kampala ina vijana wanaosimulia filamu za nje kwa Kiganda. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, Wachina wakizungumza Kiswahili. Kila mtafsiri hukutana na neno linalomkwamisha, na binti yetu naye alikutana na lake.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa China Juni 2019. Ni hadithi ya zama za kale, ya panga, uchawi na koo zinazogombea ukubwa. Wei Wuxian, anayeigizwa na Xiao Zhan, ni kijana mcheshi asiyejua kunyamaza. Lan Wangji, anayeigizwa na Wang Yibo, ni mkimya aliyelelewa chini ya amri za ukoo zilizochongwa kwenye jiwe. Vita vinapokwisha, washindi wanawageukia masalia wa ukoo ulioshindwa, wakiwemo wazee na mtoto mdogo. Wei anawakinga. Kwa kosa hilo dunia nzima inamgeuka, naye anakufa. Mama mdogo hakuhitaji maelezo hapo. Kivu tunajua maana ya ukoo mzima kulipishwa dhambi za wachache.

Miaka 16 inapita. Wei anarudi akiwa ameficha uso kwa kinyago. Usiku, msituni, anapuliza filimbi, na wimbo unaomjia ni ule ambao Lan aliutunga na kumwimbia zamani pangoni, Wei alipokuwa mgonjwa. Lan anausikia, anakuja, anamshika kifundo cha mkono. Haongei.

Binti akasimamisha picha. "Huyu ni rafiki yake," alianza, akasita. "Ni kama ndugu..."

"Hapana," Mama mdogo akasema. "Huyu ni mutu wake."

Kisha akatueleza jambo ambalo hajazoea kulisema. Mdogo wake alichukuliwa na waasi katika shamba la kakao, katika miaka hii ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Hakuna kaburi, hakuna habari. Kijana yule alikuwa na mluzi wake, aliupiga akikaribia nyumbani ili chakula kitengwe. "Hata arudi na sura ya muzee," alisema, "nitamujua kwa ule muluzi."

Nilifikiri sana juu ya neno alilolichagua. Riwaya iliyozaa tamthilia hii, ya mwandishi Mo Xiang Tong Xiu, inasema wazi kwamba wanaume hawa wawili wanapendana. Lakini kanuni za televisheni za China zilizotangazwa mwaka 2016 zinakataza kuonyesha mapenzi ya namna hiyo. Watengenezaji wakaondoa busu na kiapo cha mapenzi, wakaweka neno zhiji, yaani yule anayeijua nafsi yako. Kusubiri kwa Lan hawakuweza kukuondoa, wala mkono ule ulioshika mkono. Mama mdogo, asiyejua kanuni za Beijing, aliona kila kitu kilichobaki na akakipa jina.

"Wanapendana kama bwana na bibi?" aliniuliza baadaye. Nilimjibu kwamba ndiyo, kitabu kinasema hivyo. Akanyamaza kitambo. "Weka mbele," akamwambia binti. "Tuone kama wataachana tena."

Kwetu Kongo, Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachotaja mapenzi ya wanaume wawili kuwa kosa, ingawa kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinatoa haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti tu. Ukivuka mpaka wa Kasindi, sheria ya Uganda ya 2023 inafika kifungo cha maisha, na hata kifo kwa baadhi ya makosa. Nairobi, Septemba 2021, bodi ya filamu ilipiga marufuku I Am Samuel, filamu ya kweli ya Peter Murimi kuhusu Mkenya na mwanaume ampendaye. Hapa Butembo na Beni hukumu hutolewa mezani, mtaani na kanisani, na aliyehukumiwa hana pa kukata rufaa.

Mimi pia ni mtu wa kanisa, na wengi mnaosoma haya ni hivyo hivyo. Ninachoomba ni kitu kimoja. Kijana anayemficha mtu wake hapa kwetu amekimbia risasi zile zile tulizokimbia. Akifiwa naye, atakaa msibani nyuma kabisa kama jirani tu, na hakuna atakayempa pole. Sisi tunaojua uchungu wa kulia bila kaburi tusimwongezee mtu uchungu wa kulia kwa siri.

Katika sehemu ya 50 wawili hao wanaagana njiani. Wei, peke yake mlimani, anapuliza wimbo ule ule. Nyuma yake sauti inamwita kwa jina lake la kuzaliwa: Wei Ying. Anageuka, anatabasamu, na hadithi inaishia hapo.

Mama mdogo aliomba kipande hicho kirudiwe. Binti alikirudia mara tatu.