Kaburi lao ni bahari, majina yao yako Nairobi

Ukiwa umeketi Kapsoit ukinywa chai ya asubuhi, huku mashamba ya majani chai ya Kericho yamekuzunguka, bahari huiona kuwa jambo la mbali mno. Lakini Vita vya Pili vya Dunia havikumchagua mtu wa pwani na kumwacha wa bara. Wako vijana waliotoka mbali na bahari wakaenda kufia ndani yake.

Mapema Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, Sri Lanka, nchi ambayo wakati huo iliitwa Ceylon. Ilibeba watu kiasi cha 1,500, wakiwemo mabaharia, wauguzi wa kike, na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga topido mbili. Haikumaliza hata dakika mbili ikazama. Watu karibu 1,300 waliangamia.

Uchungu haukuishia hapo. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Je, mabaharia wa manowari za Uingereza, Petard na Paladin, wangefanya nini? Wakiiachilia, meli nyingine za msafara zingezamishwa. Wakitupa mabomu majini, wangewaua wenzao. Wakayatupa. Baadhi ya waliokuwa wakiogelea walikufa, na hatimaye nyambizi nayo ikazamishwa.

Aliyefia baharini hana kaburi la kupaliliwa na jamaa zake. Ndiyo sababu askari hao wa mizinga wameandikwa majina kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ulioko ndani ya makaburi ya vita kwenye barabara ya Ngong, Nairobi.

Wewe unayeishi jijini, umewahi kuingia pale na watoto wako? Chagua Jumapili moja uwapeleke, wayasome majina kwa sauti. Kisha mtakapokwenda nyumbani likizo, waulizeni babu na nyanya kama kuna ndugu aliyekwenda vitani asirudi. Majina yameandikwa, lakini habari za watu wenyewe ziko kwa wazee, na wazee hawatungojei.