Pikipiki ya mbio katika sanduku: kazi ya kuunda mifano ya pikipiki za zamani

Ukifungua sanduku lenye picha ya pikipiki ya mbio ya mwaka 1951, ndani hutaikuta pikipiki. Utakuta vipande vingi vya plastiki vikiwa bado vimeshikana na vijiti vyake, matairi ya mpira, karatasi ya nembo na kijitabu cha maelekezo. Kazi inayobaki ni yako. Wapo watu wazima wanaoifanya kazi hiyo kwa majuma kadhaa, jioni baada ya jioni. Wanapata nini? Katika makala haya tunaeleza.

Bingwa aliyeacha mbio

Tuanze na Tarquinio Provini wa Italia. Alikuwa bingwa wa dunia mara mbili: mwaka 1957 kwa pikipiki za cc 125, na mwaka 1958 kwa pikipiki za cc 250. Mwaka 1966 alianguka vibaya kwenye mbio za Isle of Man, na majeraha yakamzuia kushindana tena. Riziki yake mpya ikawa kampuni ya Protar, jina lililoundwa kwa mwanzo wa majina yake mawili. Pikipiki ambazo hangeweza tena kuzikimbiza, aliziingiza katika masanduku ili wengine waziunde.

Kipimo kilichoipa Protar sifa ni moja kwa tisa. Maana yake, sentimita moja ya mfano ni sawa na sentimita tisa za pikipiki halisi. Pikipiki yenye urefu wa mita mbili inabaki na sentimita 22 hivi, inatosha kukaa juu ya rafu ya vitabu.

Kazi inavyokwenda

Kiwandani, plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Mafuta ya kalibu yakibaki juu ya plastiki, rangi haishiki. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuosha vipande kwa maji na sabuni, kisha kuviacha vikauke.

Kipande hukatwa kwa koleo dogo, hakivunjwi kwa mkono, na alama ya mkato husuguliwa kwa msasa laini. Gundi yake nayo si ya kawaida: huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikaungana zikawa kitu kimoja, karibu kama kulehemu. Kwa hiyo mahali pa kuungana pakiwa na rangi, au na ule mng'ao wa kromu, lazima pakwanguliwe kwanza. Anayeruka hatua hii huona bomba la moshi likidondoka siku chache baadaye.

Rangi ya tangi hupakwa kwa tabaka nyembamba, moja ikikauka ndipo inafuata nyingine. Ukipaka nzito mara moja itachuruzika. Na kwa kuwa gundi na rangi hizi zina mvuke wenye madhara, fanyeni kazi mahali penye hewa ya kutosha na watoto wadogo wakae mbali.

Mikono inapofundisha

Faida kubwa inaonekana vipande vinapoanza kukutana. Chukua mfano wa Norton Manx ya mwaka 1951, ambayo kampuni ya Italeri, pia ya Italia, imeiuza kwa kipimo hicho hicho cha moja kwa tisa. Injini yake ina silinda moja, kama bodaboda nyingi za kwetu. Wapinzani wake, Gilera, walikuwa na silinda nne na nguvu zaidi. Hata hivyo, mwaka huo Geoff Duke alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 350 na wa cc 500 pia, akiendesha Norton.

Jibu liko kwenye fremu. Iliyobuniwa na ndugu wawili wa familia ya McCandless kutoka Ireland ya Kaskazini, ilikuwa na mabomba mawili yaliyozunguka injini kila upande, na iliifanya pikipiki itulie kwenye kona. Jambo hilo unaweza kulisoma kitabuni ukalisahau. Lakini anayeishika fremu hiyo na kuipachika injini katikati yake kwa vidole vyake, anaelewa kwa nini nguvu peke yake haikutosha.

Pikipiki halisi za aina hii zimebaki chache, nyingi ziko kwenye makumbusho au kwa matajiri. Wengi wetu hatutaziwasha kamwe. Lakini kalibu ikitunzwa, masanduku mapya yanaweza kutoka tena, na kijana aliyezaliwa miaka mingi baada ya mbio zile akajua kila kipande kilikaa wapi na kwa sababu gani.

Ukitaka kujaribu, anza na mfano wenye vipande vichache. Na kipande kikikataa kuingia, usikilazimishe. Rudi kwenye kijitabu, huenda uliruka hatua.